Mchezo wa nyimbo juu ya manamba wa mkonge: vijana waimbe wenyewe jukwaani au tuweke muziki wa kurekodi?

Mkwezi wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ninaomba mawazo ya watu wenye uzoefu wa jukwaa, kwaya, taarab au ufundi wa sauti. Mimi ni mmoja wa walezi wa kikundi cha vijana hapa Tanga, wengi wao wakiwa wanafunzi wa sekondari, na kwa miezi kadhaa sasa tumekuwa tukiandaa mchezo wa kuigiza ambao hadithi yake inabebwa na nyimbo tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa. Ni hadithi ya kijana anayetoka kwao Songea kuja kufanya kazi ya mkataba katika mashamba ya mkonge, anapewa namba badala ya jina, na anakaa miaka mingi kuliko ile aliyomwahidi mama yake.

Tulianza na mkonge wenyewe kabla ya mtu yeyote kutokea jukwaani. Mwaka 1893, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo ilipandwa upande wa Pangani, na ndiyo chanzo cha mashamba yote tuliyokua tukiyaona kando ya barabara ya kwenda Muheza na Korogwe. Vijana waliisoma habari hiyo wakacheka, kisha binti mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma majina ya waliozama. Wimbo wa kwanza ukazaliwa hapo:

*Miche elfu ilitoka, sitini mbili kufika,*
*Baharini ikachoka, jua na chumvi kuwaka.*

Sasa kikundi kimegawanyika. Nusu wanataka nyimbo zote zirekodiwe studio, kisha siku ya onyesho wafumbue midomo tu huku wakicheza. Nusu nyingine, nami nikiwa pamoja nao, wanataka kuimba wenyewe, kwa ngoma, zumari na kinanda kimoja. Waliopendekeza kurekodi hawana uvivu. Wana hofu, na hofu yao ina sababu. Nisaidieni kupima.

Kijana wa Chumbageni

Mkuu, mimi nimo katika kundi la wenye hofu, ingawa si katika kikundi chako. Nimecheza jukwaani mara nyingi, na ninaomba watu wazima wakubali jambo moja: kucheza kwa nguvu na kuimba kwa pumzi iliyotulia ni kazi mbili zinazogombania kifua kimoja. Mtu akiruka dakika tatu, sauti yake inayumba, na hadhira ya leo imezoea wimbo uliosafishwa studio, wenye besi inayotikisa kifua. Kijana wa miaka 16 akikosea sauti mbele ya wanafunzi wenzake, atazomewa, na video yake itazunguka kwenye simu kabla hajafika nyumbani. Je, mlezi utakuwapo kumfuta machozi?

Halafu kwa nini tuanze kutunga kila kitu upya? Mbongeni Ngema alitoa Sarafina!, mchezo wa nyimbo juu ya wanafunzi wa Soweto, mwaka 1987 pale Market Theatre, Johannesburg, kwa vijana wa rika hilihili, na kila mtu hapa anaijua. Tafsirini hiyo, mambo yaishe.

Mwalimu wa Kwaya

Kijana, hoja yako ya pumzi ni ya kweli, na nitaiacha wenye ngoma waijibu. Hoja ya kutafsiri ndiyo inayonigusa, kwa sababu nimefundisha kwaya kwa miaka mingi nikitumia nyimbo za kutafsiriwa, na ninajua mahali zinapouma.

Kwanza kuna ruhusa. Kazi ya mtu haichukuliwi kwa sababu tu inapendwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kutafsiri ni haki yake kama kuimba kulivyo. Ninawaonya pia wale watakaotaka kuchomeka wimbo wa Atomic Jazz au Jamhuri Jazz kwa kuwa ni za hapahapa nyumbani. Nyimbo hizo nazo zina wenyewe.

Pili, na hapa ndipo penye kazi ya sanaa hasa, kuna mkazo. Neno la Kiswahili huangusha uzito wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha silabi ya mwisho ikashuka kwa upole. Nyimbo nyingi za Kiingereza hufunga mstari kwa pigo zito mwishoni kabisa. Ukiweka maneno yetu juu ya tuni ya namna hiyo, "katani" itaimbwa kana kwamba uzito uko kwenye "ni", na msikilizaji ataisikia kama lugha ya mgeni. Kuna maneno ambayo mkazo ukihama, maana inahama nayo. Chukueni "barabara": uzito ukiwa kwenye silabi ya tatu tunasema njia ya magari, ukiwa kwenye ya pili tunasema sawasawa. Kwa haki ya kusema, sehemu za Kizulu za mchezo huo zingetukubali zaidi, maana Kizulu nacho huvuta silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo, bado ungekuwa mchezo wa Soweto.

Mkwezi, nimeipima mistari yako. Mizani nane kwa nane, imekaa vizuri. Nimeona mmeiacha "na" katika "sitini mbili". Inkisari hiyo inaruhusiwa, lakini hakikisheni mwimbaji hamezi kitu kingine tena. Na katika neno "mkonge" mpeni "m" noti yake mwenyewe, hata ikiwa fupi, kwa sababu ni silabi kamili. Vijana wengi wa siku hizi huibana hadi mkonge ukawa "konge".

Mkwezi wa Ngamiani

Mwalimu, ahsante sana. Hilo la "m" tulilikuta bila kulijua jina: wimbo ulikuwa ukichelewa kwa nusu pigo kila neno hilo lilipofika, tukadhani mpiga ngoma ana haraka.

Sasa niwaeleze sababu ya mimi kung'ang'ania kuimba moja kwa moja. Katikati ya mchezo kuna wimbo wa kipande. Kwa wasiojua, mfanyakazi wa mkonge alipewa kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama; malipo yalikuja kadi ikijaa. Tuliutunga wimbo huo uwe na mapigo 30, pigo moja kwa siku moja, na kila pigo msimamizi anagonga kadi kwa penseli. Mara ya kwanza kijana wetu anauimba wote. Mara ya pili anaugua homa, na siku ambazo hazikutiwa alama tunaziacha kimya: ngoma inanyamaza, penseli inabaki hewani, kisha wimbo unaendelea na pengo lake. Mara ya tatu mapengo ni mengi kuliko mapigo.

Tulipoujaribu mbele ya wazazi wachache, jambo ambalo hatukulipanga likatokea. Pengo lilipofika, mama mmoja alipiga kofi peke yake kulijaza. Kisha wengine wakamfuata, na mwimbaji akasubiri mpaka wamalize ndipo akaendelea. Je, nitaurekodije ukimya ambao urefu wake unaamuliwa na watu waliokuja kutazama? Muziki wa kurekodi ungempita mama yule, na kijana wetu angelazimika kufumbua mdomo juu ya makofi.

Kipimo changu kwa kila wimbo ni hiki tu: tukiuondoa, je, hadithi itakwama? Wimbo ambao ukiondolewa hadithi inaendelea bila kujikwaa, huo tuliuweka kwa ajili ya kupamba. Mpaka sasa tumezitupa nyimbo nne, na mojawapo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Mcheza Mdumange

Nimjibu Kijana wa Chumbageni kuhusu pumzi. Wazee wetu walilimaliza jambo hilo zamani. Katika ngoma nyingi anayeimba hasa si anayeruka. Kuna mghani anayesimama karibu na ngoma, kuna wachezaji, na kuna waitikiaji wanaodaka kiitikio pale miguu inapotulia. Wagawe vijana wako kwa mpango huo. Waliojaliwa sauti wakae pembeni mwa ngoma, wenye miguu wacheze, na yule mhusika mkuu asirukishwe hata kidogo anapokuwa na ubeti mrefu. Msimpe mtoto mmoja kazi ya watu watatu kisha mkatafuta studio imwokoe.

Bibi wa Makorora

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia. Nilizaliwa kambini. Baba yangu alikuja kwa namba.

Mkwezi, mwanangu, umesema una zumari na kinanda. Sawa, lakini sikilizeni: kambini hakukuwa na ngoma moja. Kulikuwa na Wangoni, Wabena, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, na kila watu walikuja na ngoma yao kifuani kwa sababu hawakuruhusiwa kuja na kingine kizito. Jumamosi jioni ungesikia lizombe ya Wangoni upande huu na sindimba ya Wamakonde upande ule, na sisi watoto tulikimbia huku na huku. Wazigua na Wasambaa wenyeji nao walikuja kutazama, wengine wakileta selo na mdumange wao. Taarab ilikuwa ya mjini. Tulipoijua taarab ya Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila, tulikuwa tumeshahama kambi na baba amekwisha kuwa mtu wa Tanga. Kama kijana wenu wa Songea anaimba taarab siku ya kwanza shambani, mmemvisha nguo ya mtu mwingine. Mwacheni aanze na ya kwao, taarab imfikie polepole jinsi mji ulivyomfikia.

Na jambo jingine. Mnapotaja korona, vijana wasicheke. Sisi tuliijua korona kabla ya ugonjwa: ni ile mashine ya kukamua majani kutoa singa, yaani nyuzi. Sauti yake ilisikika usiku na mchana, na ikinyamaza, sisi watoto tuliamka.

Mkwezi wa Ngamiani

Shikamoo Bibi. Nimeusoma ujumbe wako mbele ya kikundi kizima jana jioni, na hakuna aliyecheka. Kwa hakika walikuwa wakicheka kila mara neno korona lilipotajwa, mpaka nikafikiria kulitoa. Sasa litabaki.

Kuhusu ngoma, umetupa ramani ambayo hatukuwa nayo. Tumeamua kwamba tuni ya kijana wa Songea itaanza kwa mwendo wa lizombe, na kila anapozidi kukaa Tanga tuni ileile itabadilika: kwanza itachukua mwendo wa beni, ile ngoma ya gwaride, wakati vyama vya Marini na Arinoti vinapopita kwa gwaride na fahari zao za kushindana, kisha mwishoni itaimbwa kwa taarab na binti yake aliyezaliwa mjini, ambaye hajui wimbo huo ulitoka wapi. Hadhira itajua, yeye hatajua. Tumefurahi mno kwa hilo, na tumepata kazi mpya ya wiki tatu.

Fundi Sauti

Sikukusudia kuchangia, lakini mmetaja gwaride la beni, na ninajua mtakapoangukia. Mkipanga gwaride liingie kutoka nyuma ya ukumbi au uwanja, huku ngoma ikiwa jukwaani, mtachanganyikiwa. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mwimbaji aliye mita 34 kutoka kwenye ngoma anaisikia ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Naye akiimba kwa kuifuata, sauti yake inarudi jukwaani ikiwa imechelewa mara mbili ya hapo. Watu wa mbele watasikia matope. Dawa ni moja kati ya mbili: ama gwaride litembee na ngoma yake lenyewe, jinsi beni ilivyokuwa, na wapigaji wa jukwaani wanyamaze mpaka liwafikie, ama wote wafuate mkono wa mwongozaji kwa macho na wayapuuze masikio.

Maiki nazo. Mkwezi hajasema anazo ngapi, lakini nimefanya kazi na vikundi vya vijana na nitakisia kwamba si zaidi ya sita. Msizigawe kwa upendeleo. Wapeni wenye beti za peke yao, na ikiwa ni zile ndogo za kuvaa, zibandikeni juu ya paji la uso karibu na nywele, maana zikikaa shavuni zinalowa jasho zikanyamaza katikati ya wimbo. Kiitikio hakihitaji maiki kama vijana wamefundishwa kutoa sauti kutoka tumboni. Ngoma zikae ubavuni, zisikae nyuma ya waimbaji, la sivyo kila maiki itageuka kuwa maiki ya ngoma. Spika ziwe mbele ya maiki zote, au zitapiga mluzi.

Kama mtaonyesha uwanjani, tuseme Tangamano, angalieni upepo. Unaovuma kutoka kwa watazamaji kuja jukwaani utawarudishia vijana sauti yao midomoni.

Kuhusu swali la awali, mimi ninaishi kwa kuuza huduma ya muziki wa kurekodi, kwa hiyo ushahidi wangu usikilizwe kwa uzito wake: umeme ukikatika, muziki wangu unakufa na ngoma yenu inaendelea. Kitu kimoja tu ningekirekodi, nacho ni ile mashine ya Bibi. Mtafute korona inayofanya kazi bado, mwombe ruhusa ya kurekodi mngurumo wake, muicheze kwa sauti ya chini kabisa chini ya mchezo mzima hadi watu wasahau kwamba ipo. Kisha muizime.

Mzazi

Mimi ni mzazi wa mmoja wao. Sina la kusema juu ya muziki. Ninaomba mazoezi yaishe kabla ya magharibi, hasa kwa mabinti, na onyesho lisisogezwe hadi karibu na Novemba, kwa maana wa kidato cha nne wana mtihani. Pia hakikisheni mna kibali. Nimeambiwa michezo ya jukwaani ina sheria yake tangu mwaka 1976, na sitaki mtoto wangu ashushwe jukwaani na mtu mwenye karatasi.

Mkwezi wa Ngamiani

Mzazi, yote matatu tumeyapokea. Kibali tuliomba kabla ya kutunga wimbo wa pili, na tulitakiwa kupeleka mswada wote wa maandishi, jambo lililotusaidia kugundua kwamba onyesho la tatu halikuwa na mwisho.

Kuna tatizo jingine ambalo sikulitaja mwanzoni kwa sababu ya kumsitiri mhusika, lakini yeye mwenyewe amenipa ruhusa. Kijana anayeigiza mhusika mkuu sauti imembadilika mazoezi yakiwa yamefika nusu. Mwezi mmoja aliimba kwa sauti ya juu kuliko mabinti, mwezi uliofuata alikuwa akipasuka kila baada ya mstari, na hivi sasa sauti imeshuka karibu kuwa ya nne, yaani besi. Wenzake walitaka abadilishwe. Mwalimu wa Kwaya, ungefanyaje?

Mwalimu wa Kwaya

Nisingembadilisha. Sauti inayovunjika hushuka kwa kiasi cha oktava moja, lakini haishuki kwa siku moja, na katikati ya safari kuna noti ambazo kwa majuma kadhaa hazipo kabisa. Mkae naye, mzitafute noti alizonazo leo, mziandike, mkahamishe do, yaani noti ya msingi, ya kila wimbo wake ili zisitoke nje ya hizo. Ukaguzi huo ufanyike kila wiki. Asisukume, asipige kelele uwanjani wakati wa mpira, na anywe maji. Wakati huohuo afundishwe kijana wa pili nyimbo zote, naye aambiwe wazi kwamba ni mbadala ili asijione mwizi.

Ila nina wazo, na mnaweza kulikataa. Hadithi yenu ni ya mtu aliyeingia shambani mtoto akatoka mzee. Kwa nini mnaificha sauti inayovunjika? Wimbo wa kipande mara ya kwanza uimbwe na kijana mdogo, mwenye sauti ambayo bado haijageuka. Mara ya pili, ule wenye homa, aingie huyu mwenye sauti iliyopasuka, akiwa amevaa maleba yaleyale na namba ileile kifuani.

Kijana wa Chumbageni

Nimerudi. Nilifika kwenye mazoezi yao Jumapili, bila kusema kwamba ni mimi ninayeandika hapa. Nilikwenda kutafuta makosa, nayo niliyakuta: kiitikio cha gwaride bado kinachelewa, na binti wa taarab anaanza juu mno. Lakini wimbo wa kipande ulipofika kwa yule kijana, sauti ilimkatika katika pigo la kumi na tisa, mahali ambapo hapakuandikwa pengo. Mwenye penseli hakugonga, na ngoma ikamsubiri. Mimi ndiye niliyepiga kofi.

Bado ninasema binti wa taarab ashushiwe do.

Bibi wa Makorora

Mjukuu ananiambia mmepata mngurumo wa korona na mmeurekodi. Mlipouzima mlinipigia simu nisikilize ukimya, lakini simu haisikilizishi ukimya, wanangu. Nitakuja mwenyewe. Niwekeeni kiti chenye mgongo, karibu na ngoma ya Wangoni, na mumwambie huyo kijana wa Songea kwamba kule kambini hakuna aliyesema "namba yangu ni thelathini na moja". Walisema "mimi thelathini na moja". Arekebishe ubeti huo kabla sijafika.

Mkwezi wa Ngamiani

Umerekebishwa, Bibi. Mizani imepungua tatu, na pengo hilo tumeliacha wazi.